Vua Sweta Langu Sasa Hivi

Nayra, ukisoma hii vua sweta langu. Lifunge kwenye mfuko, na usilikung'ute!

Leo nimeaibika mbele ya wodi nzima. Upele umefika kitanda cha tatu, basi Sista Mkuu Choque akatupanga mstari. "Nyoosheni mikono. Nani amemshika Mama Primitiva bila glavu?"

Unamjua alivyo. Ndiye aliyebandika ile amri ya glavu ukutani. Na mimi bado ni muuguzi wa majaribio!

Vipele vyangu viko katikati ya vidole, Nayra. Sauti ikanitoka kama ya mbu: "Mimi. Nilimsuka nywele."

Mgonjwa wa watu alikuwa analia, eti tangu alazwe watu wanamshika kama sufuria ya moto. Kwao Oruro kila mama husuka nywele, yeye akae timutimu? Na glavu zinanasa nywele.

"Mikono mitupu?"

"Mikono mitupu."

"Utapata barua ya onyo, binti."

Ndipo Mama Primitiva akaketi kitandani. "Na wewe uliyenisuka Jumapili, mbona hunyooshi yako?"

Jumapili! Sista Mkuu akapandisha mikono ya koti taratibu. Vipele hadi kwenye kiwiko!

Barua haikuandikwa. Tulijifungia stoo tukapakana dawa migongoni, mimi na yeye. "Kesho tutamsuka na glavu," akasema. "Nitakufundisha."

Kisha akataka orodha ya wote niliowakumbatia. Jina lako ni la kwanza. Njoo upakwe dawa. Anakupaka yeye mwenyewe.