Chuma Ulichotupitisha Miguu

Nyanya,

Shikamoo. Tangu tukuzike, hakuna wa kuniitikia marahaba katika nyumba hii ya Rabai. Mume wangu bado anafanya kazi hotelini kule Kikambala, huja mwisho wa mwezi tu. Nimejifungua salama, mtoto wa kike, nikampa jina lako. Nikimwita, mwenyewe nageuka kutazama mlango wa chumba chako.

Nilipotaka kumfanyia ile desturi yako, chuma hakikuwepo juu ya kifuniko cha mtungi. Kila mtoto wa nyumba hii ulimpitisha mguu katika ile pete nzito ya chuma, ukauchomoa taratibu na kusema, “Katoka huyu!” Nasi sote tukajibu, “Harudi tena!” Majirani walidhani ni dawa ya watoto wanaochelewa kutembea, wakakuletea wa kwao. Hata mimi nilidhani hivyo. Wewe ulicheka tu, ukawapitisha wote.

Kumbe Mjomba amekipeleka makumbusho, Malindi. Nilipomuuliza alifoka, “Mambo hayo tumeyazika na mama!” Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda.

Nyanya, kiko ndani ya kioo. Chini yake wameandika: pingu ya mguu ya mtumwa, kutoka mashamba ya hapa. Nikamkumbuka mama yako, ambaye ulisema alichechemea hadi kufa kwake, na hukusema kwa nini. Nilikaa pale sakafuni nikalia, watalii wananipita. Mbona hukuniambia? Nimekukasirikia, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka.

Nilimwomba mlinzi afungue kidogo tu, mguu wa mtoto uingie. Alinihurumia, lakini ufunguo hana. Basi nikamshusha mtoto, nikauweka unyayo wake kwenye kioo, kisha nikauondoa.

“Katoka huyu!” nikasema.

Nilizoea nyumba nzima ikiitikia, mama wadogo na watoto, na wewe ukipiga vigelegele. Ikabidi nijibu mwenyewe, “Harudi tena!”

Pumzika, Nyanya yangu. Chuma sitakidai, kikae pale watu wakione. Ila nakuahidi jambo moja: huyu mwenye jina lako akianza kusema, nitamrudisha mbele ya kioo kile. Mimi nitasema, naye atajibu.

Mjukuu wako.