Pale Mkasi Ulipoishia

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Nimekwenda kutafuta dawa ya ukungu kabla mvua haijarudi, ingawa maji yakishamwagika hayazoleki.

Nyanya za matuta matatu ya kwanza ng'oa zote. Usizihurumie, hata zenye matunda. Zichome, usizitupe kwenye shimo la mbolea.

~~Na usimwagie tena maji juu ya majani.~~

Hayo nimeyafuta. Asubuhi nilikufokea mbele ya watoto kwamba mpira wako wa maji ndio ulioleta yale madoa, nawe ukafunga viatu, ukatoka. Si ungejibu tu, jamani!

Ulipoondoka nikarudi shambani. Tuta la nne linaumwa hadi katikati, halafu ghafla majani ni mazima, kijani kabisa. Na wewe ulilimwagilia lote. Pale katikati ndipo nilipoishia kupogoa Jumamosi, mgongo uliponikataa. Nilianza na mche wenye madoa, nikaendelea na mkasi uleule bila kuusafisha. Kila nilipopita pameungua. Miche iliyopona ni ile niliyochoka kabla ya kuifikia.

Mkasi nimeulowesha kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni. Usiutoe.

Watoto wakirudi kutoka shule usiwaambie kitu. Walinisikia nikikufokea. Nitawaambia mwenyewe, na wewe uwepo.

Mama watoto