Fremu Aliyoianua Mama Asha

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi huku Ifakara tupo, na magoti yangu nayo yapo, yananiuma. Babu yako anakusalimu. Umeniuliza umfanyeje mwenzako aliyekuharibia kazi akidhani anakusaidia. Nimechoka, mama, nitakueleza moja tu.

Miaka ya tisini tulichapa fulana hapa nyumbani. Fremu ya kitambaa tuliipaka dawa, tukaweka mchoro juu, tukaianika. Jua huigandisha dawa, ila chini ya mchoro hubaki laini. Ukiosha hutoka, na rangi hupita hapo.

Siku ya fulana za kwaya, dawa ilikuwa ya mwisho, nami nilikuwa nimekwenda mashineni kukoboa. Wingu likashuka kutoka milima ya Udzungwa. Jirani yetu Mama Asha akakimbilia fremu, akaianua kama tunavyoanuliana mpunga, kabla dawa haijaganda. Nilipoiosha, dawa yote ikaondoka na maji.

Nikatoka na mvua ile ile kwenda kumgombeza. Nikamkuta kwake anazoa mpunga wake, umelowa wote.

"Niliona nianze na vyako," akasema, hata hakuniangalia.

Nikajifunga kanga, nikainama kuzoa naye.

Bibi yako