Kengele ya Saa Nne

Somoe,

Naanza na hilo ambalo ungeliuliza kwanza: chumba bado ni chenu. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Wiki mbili baada ya kukuzika, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alisema darasa la saba wanabanana, na chumba cha roboti kina watoto kumi na wawili tu ambao hawana mwalimu. Alitoa nafasi moja. Ijumaa, saa nne kamili, roboti ipige kengele ya mapumziko mbele ya kamati ya wazazi. Isipopiga, meza zinatolewa siku hiyohiyo.

Nilikubali kwa sababu uliniomba, ukiwa kitandani, nikae nao mpaka wapate. Hukusema wapate nini.

Jumanne waliingiza programu. Unaikumbuka roboti ile, yenye mkono wa mninga aliokuchongea kaka yako. Walijaribu mkono kwa kubonyeza kitufe, ukapiga. Wakaiacha mezani kwenye chaji, imewashwa, na ndivyo walivyofanya kila jioni. Jumatano tukaibeba hadi chini ya rimu ile ya lori inayoning'inia uani hapo shuleni Tandale, mnayoiita kengele. Saa nne ikafika, ikapita. Kimya. Alhamisi, kimya tena. Watoto wa madarasa mengine wakawa wanapita wanatuuliza kama roboti imefunga saumu.

Nilisoma programu ile mara nyingi kuliko habari yoyote niliyowahi kuipeleka kwa mhariri. Ikifika saa 4, dakika 0, piga mara tatu. Kila neno mahali pake. Ulizoea kuwaambia, "Soma ulichoandika, usisome ulichotaka kuandika." Nikasoma hivyo. Sikuona kitu.

Ijumaa asubuhi Mzee Chikoti, mlinzi, alikuja mlangoni na kofia mkononi. Watoto wakamwamkia. Akaitikia, kisha akanivuta pembeni, ila unajua anavyonong'ona; mtaa mzima unasikia.

"Mwanangu, Mwalimu Somoe hajaondoka," alisema. "Alfajiri tatu hizi anagonga humu ndani. Mlango nimeufunga mwenyewe."

Somoe, mimi huandika nilichokiona. Nimeandika ajali, nimeandika moto, sijawahi kuandika mzimu. Lakini nitakuambia ukweli: kwa muda wa pumzi moja nilitaka awe amesema kweli. Nilitaka tu. Basi.

Zuhura wa darasa la sita, yule uliyesema maswali yake yatakutoa mvi, akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Babu, anagonga mara ngapi?"

"Tatu."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi. Adhana bado."

Hapo nikaelewa. Simu yangu ilikuwa mezani, imeandika 9:46, na mimi nilikuwa nimetoka kuwaambia ni saa nne kasoro dakika kumi na nne. Maisha yetu yote macho yanaona kumi na mdomo unasema nne, wala hatushtuki. Roboti haina mdomo wa Dar. Iliambiwa nne, ikapiga kwenye nne yake, alfajiri, peke yake, ikigonga meza gizani.

Jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu, na kibodi ilikuwa hatua moja mbele. Lakini kwako mwalimu hagusi kibodi wala hatoi jibu. Anaweka mikono nyuma. Niliiweka. Niliibana mpaka vidole vikauma. Nje, kamati ilikuwa inapangiwa viti.

Zuhura alihesabu kwa vidole, akarudia. Saa ya ukutani ikawa inakwenda mbio. Mwisho akawageukia wenzake na kuuliza, taratibu kabisa:

"Kwani roboti anatumia saa ya nani?"

Hakuna aliyecheka. Akafuta nne, akaandika kumi. Nikashusha pumzi, nikadhani tunatoka. Yeye akaifuta kumi pia. Alisema Madamu, yaani wewe, hataki kitu cha kuamini, anataka kitu kilichojaribiwa. Akaweka 9:57, dakika mbili mbele. Tulizisubiri zote. Zilikuwa ndefu kuliko wiki nzima. Mkono wa kaka yako ukainuka, ukagonga meza mara tatu. Ndipo akarudisha kumi kamili, nao wakaibeba wanne wanne kwa zamu, wanakimbia.

Mwalimu mkuu alikuwa anatazama saa yake rimu ilipolia. Shule nzima ikamwagika kwenda kwenye uji. Alisema chumba kibaki, na atatafuta mwalimu. Hakutabasamu, lakini alisema mbele ya kamati, nami nimeandika kwenye daftari langu.

Baadaye Mzee Chikoti aliniuliza, "Kwa hiyo hakuwa yeye?"

Nilimwambia hapana, ilikuwa roboti. Akavaa kofia yake. Akasema alikuwa ameanza kumzoea.



Sikujua uliposema wapate ulimaanisha nini. Nadhani ni lile swali la Zuhura. Mpaka mwalimu apatikane nitakuja kila Jumanne na Alhamisi, na nakuahidi mikono itakuwa nyuma, hata nikijua jibu, hata kamati ikiwa mlangoni.

Pumzika, rafiki yangu. Alfajiri sasa ni kimya. Kengele inalia saa nne, saa nne yetu.

Mwandishi wako