Shoka la baba mkwe liko chini ya godoro langu

Mpendwa mshauri Mama Jovita, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi kamati inakaa na mimi nimelalia shoka la watu.

Kwetu ni Singida, huku jirani na Ilagala nilikuja kubeba mikungu ya michikichi na kukamua mawese, mgongo umeisha lakini silalamiki, na mwaka jana kijiji kikanichagua kwenye kamati ya kutunza msitu wetu, ule wenye chemchemi na mizinga ya nyuki, nikadhani wameziona akili zangu, kumbe mwenyekiti, Mama Winfrida, aliwaambia mkutanoni, "Huyu hana shangazi hapa wala mjomba, atamwonea nani haya?" wakapiga makofi, na kweli nimekamata wengi, kuni kavu ruksa, mti mbichi marufuku, ukikamatwa shoka linachukuliwa na kamati na wewe unapanda miche thelathini pale chemchemi.

Sasa Jumamosi nikasikia shoka linalia msituni, nikanyata, nikamkuta Mzee Anatoli, baba yake Marcelina ninayetaka kumposa, anakata mti mbichi juu kabisa ya chemchemi, apate kuni za kuchemshia chikichi zake, nikasema shikamoo mzee, akasema marahaba mwanangu, na hajawahi kuniita mwanangu tangu nifike, halafu akasema, "Mkwe hamkamati mkwe. Ukilipeleka hili shoka, posa yako ipeleke Singida." Nikalichukua kwa sababu mkono umeshazoea, lakini kwa kamati sikulifikisha, linanichoma mbavu kila nikigeuka. Nimshitaki mzee nikose mke, au nimrudishie kimyakimya?

Bariki, mkamua mawese

Bariki, pole kwa mbavu. Kwa mengine sikupi pole.

Shoka umelitaja karibu kila mstari, Marcelina mara moja tu, tena kama mali ya mzee. Binti mwenyewe anasemaje? Yeye ndiye anayebeba ndoo kutoka hiyo chemchemi. Huenda amekasirika kuliko wewe.

Na usijidanganye kwamba ulikuwa jasiri ulipowakamata wengine. Wale uliowakamata nao ni baba za watu, na miche yao walipanda. Ukimwacha huyu mmoja, kesho kila mwenye binti atakuwa na msitu wake.

Kwa hiyo leo jioni nenda kwa Mzee Anatoli, mwamkie vizuri, mwambie shoka linafika kwa kamati Alhamisi, na mwombe mwende pamoja aseme kosa lake kwa kinywa chake. Hapo utakuwa umemtunzia heshima. Wewe nawe umwambie Mama Winfrida ulivyolificha, uombe adhabu ileile. Ukishaoa, usijiuzulu. Kulinda msitu bila shangazi ni rahisi, kijiji kinataka anayeulinda huku mkwe wake anamtazama.

Miche yenu itakuwa sitini. Pandeni wote wawili, siku moja, jembe moja mkipokezana. Mzee akishachimba nawe mashimo sitini, ama atakupa binti, ama atakuwa amechoka mno kukukatalia.