Mafiga ya Jangwani

Jebel, Juba
Machi 2008

Kwa mdogo wangu Kuany, Kakuma,

Salamu nyingi kama mchanga wa hapo kwenu. Kifua chako kinaendeleaje? Mama watoto je? Mimi mzima kabisa. Vijana wa hapa malaria inawalaza, mimi mbu akiniuma anaugua yeye. Barua yako mwalimu alitaka kunisomea, nikakataa, nikasoma mwenyewe.

Umesema tena kichwa changu ni kigumu kuliko mlima wa Jebel Kujur. Kwamba nikubali Ater mwanangu alikufa tulipokimbia vita, mwanao aoe mke kwa jina lake kama mila yetu inavyotaka, watoto waitwe wa Ater, ndipo naye aoe wa kwake. Mimi siku zote nimekujibu Ater yuko Amerika, anaendesha lori.

Sasa sikiliza. Nilipata kazi ya kupikia makawaja, wazungu waliokwenda kuona michoro ya watu wa kale kwenye mawe, ng'ambo ya Kapoeta. Waliniuliza kama nalijua jangwa, nikawaambia jangwa ndilo linalonijua mimi. Walilala kwenye mahema, hakuna choo, maji ni ya madumu tu, na walifurahi, Kuany! Sisi tulipita huko huko tukikimbia vita, nani alitupiga picha?

Mawe yamejaa ng'ombe wekundu wa zamani. Pembeni nikaona maksai aliyekwaruzwa kwa chuma, pembe moja mbele, moja nyuma. Ni Majok, maksai wa Ater. Ater alimkata pembe mwenyewe ziote hivyo.

Nikamuuliza mlinzi wa pale, Mtoposa. Akasema aliyechora ni kijana mrefu, kiu ilimmaliza, wenzake wakamzika chini ya mchoro na kumpangia mawe. Nikauliza mawe yako wapi. Akanyoosha mdomo kwenye mafiga yangu. Wageni waliotutangulia ndio walioyatoa kaburini wakafanya jiko.

Nilikuwa nimepikia juu ya mawe hayo tangu tufike. Sikulia. Chai ilikuwa tayari, nikainywa, ilikuwa na sukari. Mawe yalipopoa nikayarudisha kaburini moja moja, nikakataa kusaidiwa. Kawaja akauliza kuna nini, nikamwambia moto hapa haukai vizuri.

Basi kalas, yamekwisha. Mwanao aoe, kwanza mke wa Ater. Ng'ombe wa mahari watatoka kwangu, wala usibishe, kwa ubishi hunishindi. Mmoja awe na madoa kama Majok. Habari za Amerika usiniulize tena.

Wasalimie wote wa boma lako. Mama watoto akiuliza, mwambie nakula.

Mimi kaka yako,
Arkangelo