Upande wa Pili wa Karatasi

Bukoba, 14 Mei 1951

Mdogo wangu Demetria,

Tumsifu Yesu Kristo. Nilifika salama, ingawa ziwa lilichafuka nikatapika njia nzima kutoka Mwanza. Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua. Nyie huko Temeke?

Sasa sikiliza, maana Pasaka nilipokuwa kwako nilinyamaza kwa ajili ya wageni. Mumeo ana kifua kikuu. Nauguza wagonjwa wa namna hiyo mwaka wa tisa huu, usiniambie ni vumbi la ghala la Kurasini. Leso uliyoificha chini ya godoro niliiona. Ina damu. Na mtoto wenu Auleria mnalala naye kitanda hicho hicho!

Na wewe unajua. Unaficha kwa sababu Projestus akiachishwa kazi hutaitwa tena mke wa karani, wala hutakaa benchi la mbele na akina mama wa kanisa. Novena ya tatu hiyo, siku tisa nyingine za sala, ni ya nini? Mtakatifu Yosefu usimsingizie. Husali wewe, unajificha. Mtoto akifa, utakuwa umemuua wewe, kwa mikono hiyo hiyo inayoshika rozari.

Geuza karatasi.

Demetria, nimeandika hayo nikilia. Mlete Auleria kwangu. Mwalimu Audax, jirani yetu, yuko Kinondoni kwa nduguye, na atapanda treni Ijumaa tarehe 15 Juni. Nimekwisha kumwandikia, atamngoja mtoto stesheni. Mvalishe sweta. Nitakuwa gatini kumpokea. Akishaondoka, mpeleke Projestus hospitali, na yatakayofuata tutayabeba wote.

Dada yako,
Felicitas


Temeke, 4 Juni 1951

Dada Felicitas,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mume wangu hajambo, kama ulitaka kujua.

Barua nimeipata. Ahsante kwa matusi. Tumetoka tumbo moja, lakini sikujua una ulimi wa namna hiyo. Padri mwenyewe anatuungamisha kwa upole, sembuse wewe! Projestus ana mafua ya masika. Auleria anacheza uani na Tabu wa jirani, mzima kabisa. Kama huna neno la kumjenga mtu, mie usiniandikie.

Demetria


Bukoba, 21 Juni 1951

Demetria,

Mwalimu Audax ameshuka melini peke yake. Anasema alingoja stesheni mpaka treni ikaondoka. Mimi nilisimama gatini na blanketi mkononi kama mjinga.

Haya, umekataa. Sikubembelezi tena.

Felicitas


Temeke, 10 Februari 1952

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Mie sina habari njema ya kutanguliza. Auleria tumemzika tarehe 30 Januari. Alianza kukohoa Oktoba, nami nikampeleka hospitali Desemba. Daktari aliniuliza kwa nini nimechelewa hivyo. Projestus naye amelazwa. Kazi imekwisha.

Jana nilifungua sanduku kutafuta gauni lake la ubatizo, nikakuta barua zako mbili. Ile ya Juni sikuwa nimeifungua kabisa. Na ile ya kwanza, dada, niliisoma mpaka pale uliposema nitamuua mtoto, nikaikunja kwa hasira nikaitupa sandukuni. Sikugeuza karatasi. Sikujua kuna treni, sikujua kuna Audax, sikujua utasimama gatini. Nimelia mpaka sauti imekauka.

Ulikuwa mkali, lakini ulisema kweli. Nilijua siku ile ile kwamba ni kweli, ndiyo maana nilikasirika vile.

Leo baada ya misa nilimwendea mama yake Tabu. Nikamwambia mwanangu amekufa kwa kifua kikuu, na baba yake alikuwa nacho tangu mwaka jana, na nilijua, na nikawaacha watoto wakila sahani moja. Nikamwomba ampeleke Tabu hospitali kesho. Alinitukana, dada. Aliniita mchawi, muuaji, mnafiki wa rozari, watu wakajaa uani. Nilisimama pale pale nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia tena: kesho, hospitali. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, atake asitake.

Niandikie, dada. Usinipunguzie hata neno. Nitasoma pande zote mbili.

Mdogo wako,
Demetria